Kalamu Iko kwa Nani? Hadithi ya Akina Mama 13 wa Sydney

Paukwa! Pakawa.

Hadithi ya leo, wanangu, haina sungura wala fisi. Ina msitu mdogo ukingoni mwa mto, ina akina mama 13, mawaziri, vibarua wa maghorofa, na kalamu. Yote ni ya kweli, na yalitokea katika jiji la Sydney, Australia, kuanzia mwaka 1970. Nawaomba mnifuate hadi mwisho, maana ndani yake kuna jambo ambalo hata watu wazima wengi hawajafundishwa: namna serikali inavyofanya kazi, na namna mtu asiye na cheo anavyoweza kuifanya imsikilize.

Ukipanda feri katikati ya jiji la Sydney ukaelekea magharibi, unaingia Mto Parramatta. Muda si mrefu, upande wako wa kulia, unaiona Hunters Hill, rasi nyembamba yenye nyumba za mawe na miti mingi, iliyokaa kati ya mto huo na Mto Lane Cove. Kabla Wazungu hawajafika, pande hizo zilikuwa nchi ya watu wa asili wa Wallumedegal. Ukingoni mwa maji palibaki kipande cha msitu, kama hekta tano hivi, chenye mikaratusi, miamba na vichochoro vya kuteremkia mtoni. Watu wakakiita Kelly's Bush, kwa jina la familia ya Kelly iliyokimiliki na iliyokuwa na kiwanda cha kuyeyushia bati papo hapo. Watoto wa mtaa walicheza humo miaka nenda rudi bila mtu kuwafukuza.

Mwaka 1967 kiwanda kikahamishwa. Ardhi ikabaki, na ardhi iliyo kando ya maji mjini Sydney haikai bila kutamaniwa. Kampuni kubwa ya ujenzi iitwayo A.V. Jennings ikaja na mpango wa kukata miti na kujenga nyumba za kifahari.

Tusimame hapo kidogo. Je, mwenye ardhi anaweza kujenga chochote akipendacho? Hapana. Mjini, kila kipande cha ardhi kimepangiwa matumizi yake katika ramani ya mipango miji: hapa makazi, pale viwanda, kule bustani na viwanja vya wazi. Anayetaka kutumia ardhi kwa kazi nyingine lazima kwanza apate kibali cha kubadilisha matumizi. Na kibali hakijiandiki chenyewe. Kuna mtu mwenye cheo fulani, katika ofisi fulani, anayeshika kalamu na kutia sahihi. Kila uamuzi wa serikali, uwe mkubwa uwe mdogo, una kalamu yake. Kwa hiyo raia anayetaka jambo libadilike huanza na swali moja: kalamu iko kwa nani?

Mwezi Septemba 1970, akina mama 13 wa Hunters Hill walikutana wakaunda kikundi. Miongoni mwao walikuwamo Betty James, Kath Lehany na Monica Sheehan. Walijiita Wapiganaji wa Kelly's Bush. Wengi wao walikuwa akina mama wa nyumbani, wenye watoto wa kulea na chakula cha kupika. Hawakuwa na fedha za kununua msitu, na hakuna aliyekuwa na cheo serikalini. Walichokuwa nacho ni wakati, karatasi, stempu, na ukaidi wa kutokubali kuambiwa "njoo kesho".

Lakini waende wapi? Hapa ndipo wengi hukwama, maana Australia haina serikali moja. Ina ngazi tatu za serikali, na kila moja ina kazi zake.

Ya kwanza ni halmashauri, iliyo karibu kabisa na mlango wa nyumba yako. Halmashauri huzoa takataka, huendesha maktaba, hutunza bustani na barabara za mitaa, na hushughulikia vibali vingi vya ujenzi. Wanaoiongoza ni madiwani, na wananchi huwachagua kila baada ya miaka minne. Jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ndiyo makao yake makuu, lina halmashauri 128.

Ya pili ni serikali ya jimbo. Hii ndiyo yenye shule za umma, hospitali, polisi, treni na mabasi. Mkuu wake tunaweza kumwita waziri kiongozi, kama cheo cha aina hiyo kilivyowahi kuitwa Zanzibar. Bunge la jimbo liko Mtaa wa Macquarie, katikati ya Sydney, na jengo lake lina historia ya ajabu: kwa sehemu ni bawa la hospitali ya zamani iliyojengwa kati ya mwaka 1811 na 1816 na wafanyabiashara ambao, badala ya kulipwa fedha, walipewa haki ya kuingiza pombe aina ya ramu. Leo katika jengo hilo wamo wabunge 93 wa Bunge la chini na 42 wa Bunge la juu. Mwananchi yeyote anaweza kuingia akaketi kwenye roshani ya wageni na kuwasikiliza wakibishana.

Ya tatu ni serikali ya shirikisho, iliyoko Canberra. Hiyo hushughulikia pasipoti, uhamiaji, jeshi, kodi ya mapato na mambo ya nchi za nje. Ina Bunge la Wawakilishi na Seneti yenye maseneta 76.

Msomaji wa Kenya atakumbuka kaunti 47 na serikali ya kitaifa. Msomaji wa Tanzania ataifikiria halmashauri ya wilaya na serikali kuu. Majina hutofautiana, lakini ugonjwa ni ule ule: mtu ana shida ya barabara ya mtaani kwake, anamwandikia rais. Barua inapotea. Anasema serikali haisikii. Kumbe amegonga nyumba isiyo yake.

Haya, turudi kwa akina mama wetu. Walianza na Halmashauri ya Hunters Hill. Wakapanda ngazi kwa mamlaka za jimbo, kwa sababu kalamu ya kubadilisha matumizi ya ardhi ile haikuishia kwa diwani: neno la mwisho lilikuwa la waziri wa jimbo aliyesimamia serikali za mitaa. Wakamwendea pia waziri kiongozi mwenyewe, Robert Askin. Waliandika barua nyingi. Waliwatafuta wanahabari. Waliwaalika watu waje msituni siku za mapumziko, wachemshe chai juu ya moto wa kuni na kukiona kwa macho yao kile kilichokuwa kinataka kukatwa. Mbinu hii ya chai ilikuwa ya busara sana. Mtu aliyekanyaga mahali na kunywa chai mahali hapo hawezi tena kuambiwa kwamba ni pori tu lisilo na maana.

Walifanya yote ambayo kitabu cha uraia kingewaambia wafanye. Na bado, mwaka 1971, waziri alitia sahihi. Matumizi ya ardhi yakabadilishwa na kampuni ikaruhusiwa.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri hadithi imekwisha, na kwamba mwenye nguvu mpishe. Wangeweza kurudi nyumbani wakaomboleza. Badala yake walijiuliza upya lile swali, kwa namna nyingine. Mwenye kalamu ameshatumia kalamu yake. Je, ni nani mwingine ambaye bila yeye nyumba hizi haziwezi kujengwa?

Jibu lilikuwa mbele ya macho yao. Waziri hachimbi msingi. Mkurugenzi wa kampuni hamwagi zege. Nyumba hujengwa na vibarua, na vibarua wa Sydney walikuwa na chama chao imara, kikijulikana kwa herufi BLF. Katibu wa chama hicho katika New South Wales alikuwa Jack Mundey, mtu aliyezaliwa kijijini huko Queensland na kuja Sydney akiwa kijana kuchezea timu ya raga ya Parramatta, kisha akaingia kwenye kazi za ujenzi.

Akina mama wakaomba msaada wa wafanyakazi. Hebu fikirini jinsi jambo hilo lilivyokuwa gumu kwa pande zote mbili. Hunters Hill ni mtaa wa watu wenye uwezo, na wengi wa akina mama wale walikuwa wamezoea kukipigia kura chama kile kile cha mawaziri waliowakatalia. Mundey alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Ndani ya BLF wapo waliouliza: kwa nini kibarua anayeishi kwenye nyumba ya kupanga apoteze kazi ili kulinda mandhari ya matajiri? Ni swali la haki, na lilijadiliwa. Jibu walilofikia ni kwamba mfanyakazi naye ni mkazi wa jiji. Anahitaji hewa, kivuli na mahali pa watoto wake kucheza, na mikono yake inayojenga ina haki ya kuuliza inajenga nini.

Hata hivyo chama hakikukubali ombi vivi hivi. Kiliweka sharti: tuonyesheni kwamba wananchi wa hapo wanalitaka jambo hili, isiwe ni kikundi kidogo tu. Akina mama wakaitisha mkutano wa hadhara, na watu 600 wakahudhuria. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, na siku ile vidole vilikuwa vingi. Mkutano ukaomba rasmi, na BLF ikatangaza kwamba hakuna mwanachama wake atakayefanya kazi Kelly's Bush.

Kampuni ikasema itatumia vibarua wasio wanachama. Ndipo wafanyakazi waliokuwa wakijenga jengo jingine la kampuni hiyo hiyo, huko North Sydney, wakatoa tamko lao: mti mmoja tu ukiguswa Kelly's Bush, jengo hili litabaki nusu milele. Matingatinga hayakuingia. Hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kuwa Marufuku ya Kijani ya kwanza.

Habari zikaenea. Wakazi wa mitaa mingine, matajiri kwa maskini, wakaanza kubisha hodi katika ofisi ya BLF, na sharti likawa lile lile: ita mkutano, tuonyeshe watu wako. Kati ya mwaka 1971 na 1974 ziliwekwa marufuku zaidi ya 40. Ukienda Sydney leo ukatembea The Rocks, mtaa wa kale ulio chini ya daraja kubwa la bandari, unakanyaga mawe ambayo yangekuwa yamebomolewa kupisha minara ya ofisi. Ukipita karibu na Jumba la Opera ukaona mitini mikubwa ya Bustani ya Mimea ya Kifalme, jua kwamba palitakiwa kujengwa maegesho ya magari. Centennial Park nayo ilitakiwa kumegwa kwa ajili ya uwanja mkubwa wa michezo. Yote haya yalisimamishwa na watu waliokutana, wakapiga kura, wakashikilia neno lao.

Sitawaficha kwamba yalikuwa na gharama. Mwaka 1973 Mundey alikamatwa na polisi akiwa pamoja na wakazi wa The Rocks. Viongozi wa BLF wa New South Wales baadaye waliondolewa na uongozi wa kitaifa wa chama chao wenyewe. Na Juanita Nielsen, mchapishaji wa gazeti dogo la mtaa aliyepinga ubomoaji wa nyumba za Mtaa wa Victoria, alitoweka mwezi Julai 1975 na hadi leo hajapatikana. Nawaambia haya kwa sababu mnastahili ukweli. Nchi ambayo raia hulazimika kuhatarisha maisha ili asikilizwe haijakamilika. Ndiyo maana sehemu inayofuata ya hadithi ni muhimu kuliko zote.

Marufuku ya wafanyakazi ilisimamisha matingatinga, lakini haikubadilisha karatasi. Sahihi ya waziri ilikuwa bado ipo. Ardhi ilikuwa bado ya mtu binafsi. Akina mama walilijua hilo, na hawakulala. Miaka ikapita, serikali zikabadilika, barua zikaendelea. Mwaka 1976 Neville Wran akawa waziri kiongozi, na mwaka 1983 serikali yake ikatangaza kwamba itainunua Kelly's Bush iwe mali ya umma. Tangu Septemba 1970 hadi 1983 ni miaka 13. Mtoto aliyezaliwa kikundi kilipoanza alikuwa sasa anaweza kuingia msitu ule kwa miguu yake, kwa haki, bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini ushindi mkubwa kuliko msitu uliandikwa kwenye vitabu vya sheria. Mwaka 1977 jimbo lilipitisha Sheria ya Urithi, inayolinda majengo na maeneo ya kihistoria. Mwaka 1979 likapitisha sheria mpya ya mipango na mazingira, na mwaka 1980 ikaanza kazi mahakama maalumu ya ardhi na mazingira. Ile sheria ya 1979 ilitambua jambo ambalo akina mama wa Hunters Hill walilazimika kulipigania kwa jasho: kwamba wananchi wana haki ya kushirikishwa katika mipango ya mji wao. Mipango mikubwa lazima itangazwe, iwekwe wazi watu waisome, na maoni yao yapokelewe. Tena ikaruhusu mtu yeyote, hata asiyekuwa na ardhi hapo, kwenda mahakamani kuzuia ukiukaji wa sheria hiyo. Mtu yeyote! Mlango ambao watu 13 waliusukuma kwa miaka mingi, leo unafunguliwa na mkazi yeyote anayejua kwamba upo.

Sasa tuje kwenu.

Tuseme unaishi magharibi mwa Sydney, labda Auburn au Blacktown, ambako mnaishi na majirani kutoka kila pembe ya dunia. Kila asubuhi wewe na wadogo zako mnavuka barabara yenye magari mengi kwenda shule, na hakuna kivuko cha pundamilia. Mama analalamika. Jirani analalamika. Lakini malalamiko ya jikoni huishia jikoni. Ufanye nini?

Kwanza, tafuta kalamu. Kama barabara ni ya mtaa, kivuko ni shauri la halmashauri. Kama ni barabara kuu ya jimbo, ni shauri la idara ya uchukuzi ya jimbo. Na ukitaka kikomo cha mwendo kipunguzwe, jua kwamba hata kwenye barabara ya halmashauri, kikomo hupangwa na jimbo. Piga simu halmashauri uulize: barabara hii ni ya nani, na nani anaamua? Kuuliza si ujinga. Ukishindwa Kiingereza, au mama akishindwa, ipo huduma ya wakalimani ya serikali, nayo ina Kiswahili.

Pili, omba jambo moja lililo wazi. Akina mama 13 hawakuomba mazingira mazuri duniani. Waliomba Kelly's Bush isijengwe. Nawe usiandike "barabara zetu ni hatari". Andika: tunaomba kivuko mbele ya lango la shule, katika mtaa huu, karibu na makutano haya.

Tatu, leta ushahidi. Simameni na mtu mzima kando ya barabara muda wa kuingia shule, mhesabu magari na watoto wanaovuka. Pigeni picha. Ofisa anayesoma barua yenye hesabu hawezi kuiweka kando kirahisi kama anavyoiweka yenye hasira peke yake. Na kama kuna taarifa iliyo mikononi mwa serikali, mfano upimaji wa usalama wa barabara hiyo, sheria ya jimbo ya mwaka 2009 inakupa haki ya kuiomba, na ofisi kwa kawaida inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 20 za kazi.

Nne, usiende peke yako. Kumbuka sharti la BLF: tuonyeshe watu wako. Zungumza na mwalimu mkuu, wazazi, duka la jirani, msikiti na kanisa. Jimboni New South Wales, ombi lililotiwa sahihi 500 na kupelekwa katika Bunge la chini humlazimu waziri kujibu ndani ya siku 35. Likifika sahihi 20,000, wabunge hulijadili ndani ya Bunge. Kivuko kimoja hakihitaji sahihi 20,000. Sahihi mia za wazazi wa shule moja, zikifikishwa kwa diwani sahihi, zinaweza kutosha kuanzisha mazungumzo.

Tano, fika mwenyewe. Vikao vya halmashauri huwa wazi kwa umma, na ajenda hutolewa kabla ya kikao. Halmashauri nyingi huwaruhusu wakazi kujiandikisha na kusema kwa dakika chache. Dakika hizo zitumie vizuri: sema wewe ni nani, unaomba nini, kwa nini, na unataka diwani afanye nini. Kisha shukuru, ukae. Heshima haimaanishi woga. Mtu aliyezungumza kwa adabu hukaribishwa tena, na utahitaji kurudi.

Sita, fuatilia. Hapa ndipo wengi huanguka. Andika tarehe uliyopeleka barua, jina la ofisi, na jibu ulilopewa. Jibu likiwa "tutalitazama", uliza: lini? Kikao kikiisha, soma kumbukumbu zake uone kilichoandikwa. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, halafu uzijibu moja baada ya nyingine. Subira huvuta heri, lakini subira ya raia ni ile inayoandika barua ya pili, na ya tatu.

Pengine utasema: mimi ni mtoto, sipigi kura. Ni kweli kwamba Australia hupiga kura kuanzia miaka 18, na ni lazima kisheria; asiyepiga bila sababu hutozwa faini. Lakini unaweza kujiandikisha ukiwa na miaka 16, ukawa tayari. Na kumwandikia diwani au mbunge hakusubiri umri wowote. Anayeishi katika eneo lake ni mtu wake.

Pengine utasema: sisi ni wageni hapa. Basi msikie habari za Lucy Gichuhi. Alizaliwa kijijini Nyeri, Kenya, akahamia Australia mwaka 1999, na mwaka 2017 akaapishwa kuwa seneta, mtu mweusi wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuingia Bunge la shirikisho. Naye Linda Burney, mwana wa watu wa asili ambao ardhi hii ilikuwa yao tangu mwanzo, alikuwa mtu wa kwanza wa asili yao kuchaguliwa katika Bunge la New South Wales, mwaka 2003. Viti vile havikuandikwa majina ya koo.

Na ninyi mnaosoma mkiwa Afrika Mashariki msidhani hii ni hadithi ya ng'ambo peke yake. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai alifanya kama walivyofanya akina mama wa Hunters Hill bila kuambiwa na mtu: aliandika barua. Aliwaandikia wakuu wa jiji, wizara, mashirika ya kimataifa, akauliza kama mnara wa namna hiyo ungekubalika katikati ya bustani za miji ya nje. Wabunge walimkejeli ndani ya Bunge. Akaenda mahakamani, kesi ikatupwa. Akaendelea kuandika. Hatimaye mradi ukaachwa, na Uhuru Park ikabaki. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Tanzania, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Sheria hizi hazina faida zikilala kabatini. Huamka pale mtu anapozitaja kwa jina katika barua yake.

Jack Mundey alifariki Mei 2020 akiwa na miaka 90, akiwa ameishi kuona jiji lililomkamata likimheshimu. Huko The Rocks pako mahali palipopewa jina lake. Kelly's Bush ipo, na mtu yeyote anaingia. Hakuna kati ya watu hawa aliyezaliwa akijua sheria za ardhi. Walijifunza kwa kuuliza, ofisi moja baada ya nyingine, wakakosea mlango, wakaelekezwa, wakaendelea.

Kwa hiyo kazi yenu, wanangu, ni hii. Wiki hii chagueni jambo moja linalowakera mtaani kwenu: taa isiyowaka, bomba linalovuja, kiwanja cha mpira kinachotaka kuzungushiwa ukuta. Mwulizeni mwalimu au mzazi ni ofisi gani yenye kalamu ya jambo hilo. Andikeni barua ya nusu ukurasa, yenye ombi moja na sababu tatu. Tieni majina na sahihi, wekeni nakala, andikeni tarehe. Baada ya wiki mbili, kama hakuna jibu, andikeni tena mkirejea barua ya kwanza. Serikali inaendeshwa na watu, na watu huulizwa, hukumbushwa na hudaiwa ahadi zao. Mkizoea kufanya hivyo mngali wadogo, mkikua hamtaogopa ofisi yoyote, na nchi mtakayoishi, iwe Australia, Kenya, Kongo au Tanzania, itakuwa bora kwa sababu ninyi mmo ndani yake.